Jiko la Kiinua Mgongo

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alistaafu akiwa na miaka 60, akapokea kiinua mgongo chake, na jambo la kwanza alilolitengea fedha lilikuwa jiko. Alikuwa na haki. Miaka yote ya kazi alipikia mkaa uani, macho yakiwasha, kifua kikibana kila mvua za masika zilipolowesha magunia. Nyumba yake ipo njia ya Kaole, nje kidogo ya mji wa Bagamoyo, mahali ambapo upepo wa bahari huingia hadi chumbani. Aliijenga kidogo kidogo, mshahara kwa mshahara, na chumba cha jiko ndicho kilichobaki mwisho: sakafu ya vigae, dirisha moja, soketi mbili. Akaweka nadhiri kwamba mkaa hautavuka mlango wake.

Kisa hiki ni cha mfano. Mwalimu hana jina, kwa kuwa wenye mkasa kama wake ni wengi kuanzia Bunju hadi Makurunge, na si haki kumtwisha mmoja. Lakini vifaa alivyovinunua, nyaya zilizomwangusha na hesabu za umeme zilizomtoa jasho ni za kweli, na yeyote anayejenga pwani hii atakutana nazo.

Asubuhi moja alishuka Kariakoo pamoja na kijana wake wa mwisho. Picha za majiko alikuwa nazo tele kwenye simu, na dukani akazikuta zimesimama mbele yake zinang'aa. Alichagua jiko la induksheni la sahani nne, kioo cheusi kisicho na hata mkwaruzo. Akachagua oveni ya kupachika ukutani, na feni ya kutoa moshi yenye umbo la piramidi. Muuzaji alikuwa mpole na mwenye subira. Alimuuliza anapenda rangi ya fedha au nyeusi. Alimuuliza kama ana usafiri. Hakumuuliza nyumba yake ina waya wa unene gani, mita yake ipo daraja gani la bei, wala anapikia sufuria za aina gani, na Mwalimu naye hakujua kwamba hayo ndiyo maswali. Vitu vikapakiwa kwenye kirikuu, vikapita Tegeta, Bunju, Mapinga na Kerege, na kabla ya adhuhuri vilikuwa vimeshushwa uani kwake.

Friji lilikuja kwa njia nyingine. Kaka yake anayeishi Marekani alikuwa na nafasi kwenye kontena la ndugu na marafiki, akamtumia friji alilokuwa akilitumia mwenyewe: kubwa, la milango miwili, la kutoa barafu mlangoni. Lilipofika, plagi yake ilikuwa na vibati viwili vyembamba visivyoingia kwenye soketi yoyote ya Tanzania. Fundi wa mtaani akacheka, akasema hilo ni jambo dogo, inunuliwe transfoma tu. Ikanunuliwa.

Mama mkubwa wake, ambaye kwa miaka mingi amewalisha watu wa Dunda maandazi na vitumbua, alikuja kuliona jiko.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hongera. Mungu akupe afya ulitumie." Akalizunguka, akagusa kioo kwa ncha ya kidole. "Na sufuria zetu hizi litazikubali?"

"Litazikubali, Mama. Ni jiko la kisasa."

"Na umeme ukiwa mdogo kama wa jana usiku?"

"Wataurekebisha."

"Haya. Na mkate wa kumimina utaupalia wapi?"

Mwalimu akamwonyesha oveni, na mama mkubwa akanyamaza. Maswali yake yote matatu yalikuwa ya msingi. Kwa kuwa yalitoka kwa mtu aliyezoea mafiga, yalipokelewa kwa heshima, kisha yakawekwa kando.

Swali la kwanza lilijibiwa jioni ileile. Mwalimu alibandika sufuria ya alumini kwenye kioo cheusi, akabonyeza, jiko likalia mara tatu na kuzima. Akabandika nyingine, mambo yakawa yaleyale. Jiko la induksheni halitoi moto. Chini ya kioo kuna waya uliozungushwa unaotengeneza nguvu ya sumaku, na nguvu hiyo ndiyo inayolichemsha tako la sufuria yenyewe. Sufuria isiyovutwa na sumaku haipati kitu. Alumini haivutwi na sumaku, wala chungu cha udongo, na karai la kukaangia vitumbua lenye tako la mviringo halikai juu ya kioo hata kama ni la chuma. Sufuria alizopewa siku ya harusi yake, na zote alizoongeza baadaye, zikageuka mapambo ya kabati kwa usiku mmoja. Akatoa fedha nyingine kununua seti mpya yenye tako la chuma. Sumaku ndogo ya kubandika karatasi kwenye mlango wa friji, ambayo ingekaa kwenye kiganja, ingemwambia yote haya kabla hajatoa shilingi.

Kosa la pili halikuonekana kwa macho, na ndilo lililokaribia kumuunguzia nyumba. Mgongoni mwa jiko lile palikuwa na lebo: wati 7,200. Umeme wetu ni wa volti 230, kwa hiyo jiko hilo likiwashwa lote linavuta zaidi ya ampea 31. Soketi yetu ya vibati vitatu imetengenezwa kwa ampea 13, sawa na takribani wati 3,000. Waya wa soketi katika nyumba nyingi ni wa milimita 2.5 za mraba, na ukiwa umefukiwa ukutani unabeba kwa usalama ampea 20 hivi. Jiko la namna hiyo linataka waya wake peke yake kutoka kwenye meni swichi, wa milimita 6 au zaidi, na breka yake peke yake. Fundi wa mtaani hakuvuta waya mpya. Aliliunganisha moja kwa moja na waya wa soketi za jikoni, na oveni ya wati 2,800 akaichomeka kwenye soketi iliyokuwa kwenye waya huohuo.

Siku za mwanzo, kila sahani mbili na oveni zilipowashwa pamoja, breka iliruka na jiko likazima. Breka ilikuwa ya ampea 20 na ilikuwa inafanya kazi yake. Fundi akaitwa, akasema breka ni mbovu, akaweka ya ampea 32. Kuanzia hapo haikuruka tena, na Mwalimu akamshukuru na kumlipa. Ni sawa na mwenye nyumba aliyechoshwa na kelele za mlinzi usiku, akamfukuza na kuajiri kiziwi. Breka ipo kwa ajili ya kuukinga waya. Ukiiongeza bila kuongeza unene wa waya, waya ndio unaobaki kuungua, na unaungulia ndani ya ukuta ambako hakuna anayeuona.

Mwezi wa kwanza ulipokwisha, mita ya LUKU nayo ikazungumza. Kabla ya jiko jipya, Mwalimu alikuwa na taa, televisheni na feni mbili, na mwezi mzima alitumia uniti 35. Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, ambazo wateja wa TANESCO wamezitumia kwa miaka mingi, mteja mdogo wa daraja D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na ukiongeza kodi na tozo inafika shilingi 122. Uniti zinazozidi 75 zina bei ya 350 kabla ya kodi. Anayezidi kila mara huhamishiwa daraja T1, ambako kila uniti, hata ile ya kwanza, ni shilingi 292, na pamoja na kodi ni kama 356. Ndiyo sababu watu wa mitaani husema fulani yupo "umeme wa 122" na fulani yupo "umeme wa 356".

Sasa tuhesabu, kwa sababu mali bila daftari hupotea bila habari. Kupika kwa saa mbili kila siku kwenye sahani zinazovuta wastani wa wati 1,500 ni uniti 3 kwa siku, yaani 90 kwa mwezi. Jiko peke yake limeshavuka mpaka wa 75. Friji kubwa la zamani linalokula uniti 2 kwa siku linaongeza 60. Oveni ya siku za mapumziko, tuseme 15. Ukijumlisha na zile 35 za awali, unapata uniti 200. Mwalimu aliyekuwa akilipa shilingi 4,270 kwa mwezi, akishahamia daraja la juu analipa shilingi 71,200. Pensheni yake ya mwezi haikuwa imeongezeka.

Kuhusu friji, transfoma ilileta amani ya uongo. Umeme wa Marekani ni wa volti 120 na hezi 60. Wetu ni volti 230 na hezi 50. Transfoma hushusha volti, lakini hezi haizigusi. Mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikila hezi 50 huzunguka polepole na kupata joto kupita kiasi, na kompresa ya friji ni mota inayofanya kazi mchana na usiku. Hayohayo huwapata wanaonunua vifaa vya mtumba kutoka Japani, ambako umeme ni wa volti 100, na nusu ya nchi hutumia hezi 50, nusu nyingine hezi 60. Tena, mtaa wa Mwalimu upo mwishoni mwa laini. Jioni kila mtu anapowasha vyake, umeme unakuwa mdogo, na kinachotoka kwenye transfoma nacho kinapungua. Kompresa inayojaribu kuanza kwa umeme mdogo huvuta mkondo mkubwa, hukwama, hupata moto, kisha hujaribu tena.

Yote haya yalikutana usiku wa kuamkia Idi.

Mchana Mwalimu alikuwa ameshuka soko la samaki ufukweni, akanunua changu na kolekole wa kutosha ukoo mzima uliokuwa unakuja kutoka Mlingotini na Dar es Salaam. Friji likajaa hadi mlango ukafungwa kwa kusukumwa. Baada ya magharibi umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi. Mara ya mwisho uliporudi, taa ziliwaka lakini friji lilikaa kimya. Transfoma ilinguruma, kompresa haikuitika. Kufika saa tano za usiku barafu ilikuwa inatiririka sakafuni na samaki wameanza kulegea.

Akafanya ambalo mama yeyote angefanya: akaamua kuwapika wote usiku uleule. Sahani mbili zikawashwa kwa nguvu zote, na oveni ikaingizwa sinia mbili za samaki wa kupaka. Wati 4,000 za sahani na 2,800 za oveni ni karibu ampea 30 kwenye waya wa ampea 20. Breka ya zamani ingeruka kabla mambo hayajaharibika. Ile ya ampea 32 ikaacha yapite. Baada ya muda wakasikia harufu ya plastiki, wakadhani ni mfuko umegusa oveni. Kisha plasta iliyo juu ya soketi ikabadilika rangi, na moshi mwembamba ukatoka kwenye tundu la plagi. Kijana wake alikimbilia meni swichi akaizima. Hakuna aliyeumia. Ukuta ulipobomolewa, waya ulikutwa umevuliwa ngozi yake urefu wa zaidi ya mkono mmoja, shaba imekuwa nyeusi.

Wageni wa Idi walikula. Mama mkubwa alifika alfajiri na mafiga yake na nusu gunia la mkaa, akapika pilau uani, na samaki waliookolewa wakachomwa juu ya makaa. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani.

Ningeweza kuishia hapo, na ningekuwa nimesimulia hasara ya mtu mmoja. Hasara kubwa zaidi ilikuja baada ya Idi. Miezi mitatu mfululizo friji lilitumika kama kabati la unga na sukari, oveni ikahifadhi sinia, na kioo cheusi kikawekewa kitambaa cha maua. Kila jirani aliyepita na kuuliza alipata jibu moja: kupikia umeme ni mambo ya matajiri, sisi wengine tubaki na mkaa wetu. Mwalimu ni mtu anayeaminika, na maneno yake yalisafiri. Mama wawili wa mtaa ule waliokuwa wakiweka akiba ya kuachana na mkaa walighairi, wakatumia fedha kwa jambo jingine.

Hili ndilo linalonifanya niandike. Tarehe 8 Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Mwaka huohuo mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere, wa megawati 235, uliingiza umeme kwenye gridi, mmoja kati ya tisa wenye jumla ya megawati 2,115. Umeme unaongezeka na gesi inafika hadi maduka ya vijijini. Misitu ya mkoa wa Pwani, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikigeuzwa magunia ya mkaa yanayopangwa kando ya barabara, inahitaji tufaulu. Mapafu ya mama zetu yanahitaji tufaulu. Lakini kila familia inayonunua vibaya, ikaungua, ikarudi kwenye mkaa, inakuwa shahidi wa uongo dhidi ya jambo la kweli. Kilichomwangusha Mwalimu kilikuwa kununua kifaa kabla ya kuijua nyumba, na mtaa mzima ukaamini kwamba umeme ndio uliomwangusha.

Aliyemrudisha kwenye njia alikuwa fundi mwingine, mwenye leseni ya EWURA, aliyeletwa kutengeneza ukuta. Alimwamkia, akakagua soketi na meni swichi, kisha akaomba karatasi.

"Mwalimu, kabla hatujazungumza habari ya waya, niambie: juma zima hapa nyumbani mnapika nini?"

Mwalimu akataja, na mama mkubwa aliyekaa mkekani akaongezea yaliyosahaulika. Maharage mara tatu. Wali wa nazi karibu kila siku. Samaki wa kukaanga, mchuzi, ugali, chai ya asubuhi. Makande mara moja. Mkate wa kumimina wakati wa Ramadhani na siku ya wageni. Hakuna hata siku moja iliyohitaji sahani nne na oveni kwa pamoja. Jiko lililonunuliwa lilikuwa la chakula cha watu wengine.

Kutoka kwenye karatasi ile jiko jipya likapangwa upya. Vinavyochukua muda mrefu, yaani maharage, makande na nyama ngumu, vikapewa jiko la presha la umeme la wati 1,000. Ndani yake mvuke ukibanwa, maji huchemka kwa joto linalopita nyuzi 100, chakula kinaiva upesi, na kwa sababu chombo kimefunikwa na kina kinga ya joto, umeme hukatwa wenyewe muda mwingi. Sufuria ya maharage humaliza kama nusu uniti au chini yake, na wali hupikika humohumo. Wati 1,000 ni mzigo mwepesi kwa soketi yoyote iliyowekwa vizuri.

Kukaanga na kuchemsha haraka kukapewa gesi ya sahani mbili, kwa mtungi wa kilo 15, na sufuria za harusi zikarudi kazini. Hapa Mwalimu nusura ateleze tena. Ndugu mmoja alimletea jiko la gesi la mtumba kutoka Ulaya, zuri, zito, la chuma. Moto wake ukatoka wa manjano, mrefu, ukapaka masizi kila sufuria. Majiko mengi ya kule yametengenezwa kwa gesi asilia inayopita kwenye bomba, na matundu ya nozeli zake ni makubwa kuliko yanayotakiwa na gesi ya mtungi. Moto wa namna hiyo hupoteza gesi na kutoa hewa ya sumu. Nozeli zikabadilishwa kwa za gesi ya mtungi, moto ukawa wa bluu na mfupi.

Mtungi ukawekwa nje ya ukuta, kivulini, mpira ukipita kwenye tundu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, inatambaa sakafuni na kujikusanya kwenye pembe ikisubiri cheche. Kwa hiyo tundu la kupitisha hewa linatakiwa liwe chini karibu na sakafu, pamoja na dirisha la juu. Kila mtungi unapobadilishwa, povu la sabuni hupakwa kwenye maungio. Likitoa viputo, mtungi unafungwa na fundi anaitwa. Usijaribu kwa kiberiti, hata kama uliwahi kumwona mtu akifanya hivyo akasalimika.

Friji likatafutwa jingine, dogo, jipya, la volti 230 na hezi 50. Fundi alimfundisha kusoma herufi ndogo kwenye lebo iliyo ndani ya friji. Herufi N maana yake limetengenezwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32. ST ni hadi nyuzi 38. T ni hadi nyuzi 43. Jiko la Bagamoyo mwezi wa Februari, moto ukiwa unawaka na dirisha likiangalia jua la mchana, hupita nyuzi 32 bila taabu. Friji la N katika chumba hicho halipumziki, linakula umeme saa zote na kufa mapema. Friji nyingi za mtumba kutoka Ulaya baridi zimeandikwa N au SN. Mwalimu alitafuta T, akaacha nafasi ya kiganja kati yake na ukuta ili joto litoke, na akalipitisha kwenye kifaa cha kulinda friji, kinachokata umeme ukiwa mdogo au mkubwa mno, kisha kusubiri dakika kadhaa baada ya umeme kurudi kabla ya kuiruhusu kompresa ianze. Kifaa hicho ni cha bei ndogo sana ukikilinganisha na friji.

Hesabu ya mita ikawa hivi: uniti 35 za zamani, 24 za friji, 15 za jiko la presha. Jumla 74, chini ya mpaka wa 75. Mama mkubwa alipewa oveni ndogo ya mezani kwa ajili ya siku ya wageni, akaitazama inavyowaka juu na chini, akasema huo ndio ule moto wa kupalia. Siku hiyo moja mita ikipanda, nyumba inajua sababu. Jiko la induksheni na oveni kubwa viliuzwa, kwa bei ya kuumiza, kwa mwenye nyumba ya Mbweni aliyekuwa amevuta waya wa milimita 10 na umeme wa njia tatu. Huko vinafanya kazi vizuri mpaka leo. Havikuwa vifaa vibaya.

Kuna mambo mawili ya pwani ambayo hayakumpata Mwalimu lakini yanawapata jirani zake, nami sitaki msomaji ayakute njiani. La kwanza ni chumvi ya hewa. Upepo wa bahari unapaka kila chuma ukungu wa chumvi, na si kila chuma kinachoitwa stenlesi kinaistahimili. Bati la bei ndogo, daraja 430, huvutwa na sumaku na hupata madoa ya kutu upesi karibu na bahari. Daraja 304 kwa kawaida haivutwi, na hudumu zaidi. Sumaku uliyokwenda nayo dukani kupimia sufuria itumie pia kupimia sinki na uso wa jiko, na ukumbuke majibu unayoyataka ni kinyume: tako la sufuria ya induksheni lishike, sinki lisishike. Kisha futa vifaa kwa kitambaa cha maji baridi mara kwa mara, kwa kuwa hata chuma kizuri kikiachiwa chumvi kitachoka.

La pili ni maji. Mashine ya kufulia au ya kuoshea vyombo haivuti maji yenyewe, inasubiri yasukumwe. Kila mita moja ya kimo cha tangi inatoa msukumo wa baa 0.1 tu, na mashine nyingi zinataka baa 0.3 hadi 0.5 kwa uchache. Tangi lililowekwa juu ya kimnara cha mita mbili halitoshi, labda kwa pampu. Na maji ya kisima kirefu karibu na bahari mara nyingi yana chumvi, ambayo huganda kwenye chuma cha kuchemshia na kukimaliza. Mwenye maji ya DAWASA apime msukumo. Mwenye kisima ayaonje maji yake kabla hajanunua mashine.

Anayekwenda kununua na afuate mpangilio huu. Kwanza andika chakula cha juma zima, ukishirikiana na anayepika, si anayelipa peke yake. Pili soma mita: unatumia uniti ngapi, na zimebaki ngapi kufika 75. Tatu, fundi mwenye leseni akague waya, breka na waya wa ardhi, akuandikie jikoni kwako panabeba ampea ngapi. Nne pima kwa futi mlango, kabati na kimo cha tangi. Dukani soma lebo kabla ya kutazama rangi: volti, hezi, wati, herufi ya joto, alama ya ubora ya TBS. Dai risiti ya EFD na karatasi ya dhamana yenye namba ya kifaa, kwa sababu bila hivyo siku ya ugomvi huna pa kusimamia. Kifaa cha ndugu kutoka ng'ambo kipokee kwa shukrani, lakini muulize namba za lebo kabla hajakipakia kwenye kontena. Ndugu anayekupenda hatachukia kuulizwa. Na breka ikiruka, usikubali kamwe iongezwe. Uliza ni kitu gani kimezidi.

Mama wawili walioghairi walikuja baadaye kula maharage kwa Mwalimu, wakaona mita kwa macho yao. Mmoja amekwisha kununua jiko la presha. Mwingine anaanza na gesi ya mtungi mdogo wa kilo 6, kwa kuwa ndicho mfuko wake unachoweza, na hilo nalo ni kuanza. Hakuna hata mmoja wao aliyehitaji jiko la picha kwenye simu ili aachane na moshi. Walihitaji kujua nyumba zao zinabeba nini, na watoto wao wanakula nini, kisha wakachagua kwa kufuata hayo.